Mzee Inachus na Ukoo Wake: Mto Ulionyimwa Maji

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoroke: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za jioni.

Juma lililopita, nilipotaja mada yangu, mzee mmoja wa hapa alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "miungu ya mito ya Ugiriki na sisi, wapi na wapi?" Nimekaa na swali lake wiki nzima. Jibu atalipata mbele ya safari, ila leo nimpe arubuni: hadithi niliyokuja nayo ni ya nasaba. Kwa miaka mingi niliisoma kwa Kiingereza, na kila mara nilipotea njiani, nani mtoto wa nani, nani kamwoa nani. Siku moja nikaanza kuandika pembeni ya ukurasa kwa maneno ya nyumbani: huyu mjukuu, huyu kitukuu, huyu kilembwe, huyu baba mkubwa. Hapo hadithi ikaanza kuniambia mambo ambayo haikuwahi kuniambia.

Mungu mwenyewe anaitwa Inachus. Ni mto wa Argos, kusini mwa Ugiriki, upande wa mashariki wa rasi ya Peloponnese. Unatoka milimani, unashuka kwenye tambarare, unaingia Ghuba ya Argos. Msiwaze Rufiji. Kiangazi, Inachus ni korongo la mchanga na kokoto; mbuzi anavuka asiloweshe kwato. Homer mwenyewe, mshairi mkuu wa Wagiriki wa kale, aliiita Argos nchi yenye kiu kali. Sasa jiulizeni: mungu wa mto usio na maji ni mungu wa nini?

Wenyeji walikuwa na jibu, na jibu lao lilikuwa kesi. Poseidon, mungu wa bahari, na Hera, mke wa Zeus mkuu wa miungu, waligombea nchi ile. Shauri likapelekwa kwa mito mitatu: Inachus, Cephisus na Asterion. Mito ikasikiliza, ikaamua: nchi ni ya Hera. Poseidon hakukata rufaa. Aliwanyang'anya maji. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyezunguka Ugiriki na kuandika alichokiona na alichosimuliwa, anasema hiyo ndiyo sababu mito hiyo haina maji mpaka mvua inyeshe, na kwamba kiangazi yote hukauka isipokuwa vijito vya Lerna. Lishikeni jina hilo, Lerna, tutalihitaji.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Kuna miungu ya mito ya Kigiriki yenye misuli. Achelous alipigana mieleka na Heracles, shujaa mwenye nguvu kuliko wote. Scamander alifurika akamkimbiza Achilles, shujaa wa vita vya Troy, uwanja mzima. Inachus hana hata vita moja. Alichokuwa nacho ni neno lake, alilisema, na likamgharimu maji yake yote. Na bado ndiye aliyezaa ukoo mkubwa kuliko wote. (Tambarare ile leo imejaa michungwa. Karne iliyopita wakulima walichimba visima na kuvuta maji kwa pampu mpaka chumvi ya baharini ikaingia chini ya mashamba. Sasa wanaletewa maji kwa mfereji kutoka chemchemi ya Anavalos, pale Kiveri, pwani, si mbali na Lerna. Poseidon angali anadai.)

Tupande kwanza juu ya ukoo, halafu tushuke. Baba yake Inachus ni Oceanus, mto mkuu unaoizunguka dunia, na mama yake ni Tethys. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anasema wawili hao walizaa mito 3,000, na mabinti 3,000 juu yake. Anaitaja kwa majina 25 tu, halafu anasema ni vigumu kwa mwanadamu kuitaja yote, lakini wanaokaa kando ya kila mto ndio wanaoujua. Nimependa sana hapo. Inachus hayumo kwenye orodha ya Hesiod. Waliomjua ni wa kwake. Ila angalieni ni nani anayeongoza orodha ile, mtoto wa kwanza kutajwa kabla ya mto wowote wa Ugiriki: ni Nile. Kwa hiyo Nile na Inachus ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Hilo nalo lishikeni.

Mke wa Inachus aliitwa Melia, naye ni binti wa Oceanus. Ndiyo, dada yake. Tupite hapo haraka, watoto wapo.

Wapo Wagiriki waliosema Inachus hakuwa mungu hata kidogo, alikuwa mfalme wa kwanza wa Argos, akaupa mto jina lake. Sioni haja ya kuwapatanisha. Kwa watu wa kule, mto ulikuwa mlezi. Kijana alipokua alikata shungi la nywele akaupa mto wa kwao, shukrani ya kulelewa. Katika mchezo mmoja wa Aeschylus, mwandishi wa michezo ya jukwaani wa Athens, Orestes anarudi Argos kisirisiri na mashungi mawili: moja la msiba wa baba yake aliyeuawa, na lingine, analolitaja kwanza, ni la Inachus.

Mwana wa Inachus ni Phoroneus. Huyu ndiye, kwa masimulizi ya Argos, aliyewakusanya watu waliokuwa wakiishi mmojammoja, kila mtu kivyake, wakakaa pamoja kwa mara ya kwanza. Waargos walidai pia kwamba moto uliletwa na Phoroneus, si Prometheus, yule ambaye Wagiriki wengine walisema aliwaibia miungu moto akaadhibiwa na Zeus, na Pausanias aliukuta moto wake ungali unatunzwa pale mjini. Mwana mwema, hana makuu, tumwache na moto wake.

Kwani aliyeubeba ukoo ni binti, Io.

Io alikuwa kuhani wa Hera. Aeschylus anamwita mshika funguo wa hekalu. Yaani baba alipoteza maji kwa kumtetea Hera, na binti akawa anamfungulia Hera milango. Familia ya Hera, hii. Halafu Zeus akamtamani binti.

Aeschylus anamfanya Io asimulie mwenyewe. Kila usiku zilimjia ndoto chumbani, sauti za kubembeleza: binti, mbona unakaa bila mume, na mkubwa kuliko wote anakutaka? Toka uende malishoni Lerna, kwenye mazizi ya baba yako. Akavumilia, mwisho akajikaza akamwambia baba. Mzee akafanya kile ambacho baba yeyote angefanya: alitafuta ushauri. Akatuma watu Delphi, akatuma watu Dodona, mahali miungu ilipoulizwa mambo, wakarudi na mafumbo. Akatuma tena. Mwisho likaja jibu lisilo na fumbo: mtoe binti nyumbani, mtoe na nchini, azurure mpaka miisho ya dunia, usipomtoa, radi ya Zeus itashuka na ukoo wako wote utakwisha. Akamfukuza, akafunga mlango. "Bila yeye kutaka, na bila mimi kutaka," anasema Io. Hamtukani baba yake. Nimesoma mistari ile mara nyingi nikitafuta lawama, haimo.

Mshairi Mroma Ovid, miaka mia nne na zaidi baadaye, anaipindua. Kwake Io anatoweka na baba hajui alipo. Zeus amemgeuza mtamba mweupe ili kumficha mkewe. Hera, ambaye si mjinga, anamwomba mtamba yule kama zawadi, anamkabidhi kwa Argus, mlinzi mwenye macho 100 yanayolala kwa zamu. Mito mingine imekusanyika kwa Peneus, mungu wa mto mwenzao ambaye binti yake Daphne amegeuka mti, isijue kama impongeze au impe pole. Inachus peke yake hayupo. Yuko pangoni kwenye chimbuko lake, analia, na machozi yake yanaongeza maji. Mto unaojazwa na kilio cha mwenyewe! Poseidon hakuweza kuyazuia hayo.

Siku moja mtamba anafika kwenye kingo alikozoea kucheza. Anainama kunywa, anaona pembe zake majini, anashtuka, anajikimbia. Dada zake hawamjui. Inachus hamjui. Lakini mtamba anamfuata mzee, anakubali kupapaswa. Mzee anang'oa majani, anamshikia mdomoni. Mtamba analamba mkono, anabusu kiganja cha baba, machozi yanamtoka. Anataka kusema jina, anatoa sauti ya ng'ombe na kujitisha mwenyewe. Basi anateremsha kwato mavumbini, anachora. Jina lake kwa Kigiriki ni herufi mbili tu. Angeitwa Hypermnestra tungekuwa bado tunasubiri.

Mzee anasoma. Anamkumbatia shingoni na kwenye pembe, analia kwamba alimtafuta duniani kote, na kwamba afadhali ya kumkosa kuliko kumpata hivi. Nilikuwa natayarisha mwenge wa harusi yako, anasema, nikitaraji mkwe na wajukuu. Sasa mume utampata kundini. Halafu anasema jambo ambalo ni mungu tu anayeweza kulisema: na hata kufa siwezi, mlango wa kifo nimefungiwa, kilio changu hakina mwisho. Argus anakuja, anamtenga binti na baba, anampeleka malisho ya mbali. Hapo ndipo wanapoachana.

Yanayofuata mnayajua vipande vipande. Hermes, mjumbe wa Zeus, anamlaza Argus usingizi, anamuua. Hera anayachukua macho yake anayapachika kwenye mkia wa tausi. Anamtumia Io paange, yule inzi mkubwa ambaye wafugaji wanajua anavyoweza kumtoa ng'ombe mbio mpaka povu. Io anakimbia. Bahari ya Ionia ikaitwa kwa jina lake, na mlango wa bahari penye Istanbul ya leo ukaitwa Bosporus, yaani kivuko cha ng'ombe. Njiani anamkuta Prometheus amepigiliwa mwambani, naye anamwambia: utafika Misri, utazaa, na mzawa wako, kizazi cha 13, ndiye atakayenifungua.

Kwa haki niwape na maneno ya wasioamini. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaanza historia yake kwa Io, na hana ng'ombe hata mmoja. Waajemi, asema, wanadai meli ya Wafoinike ilitia nanga Argos na bidhaa. Siku ya 5 au ya 6, mali ikiwa karibu kwisha, wanawake wakashuka pwani, binti Inachus akiwamo, wakawa wamesimama tezini wakinunua. Wafanyabiashara wakawarukia, wakatweka tanga kuelekea Misri. Wafoinike nao wanakana: hatukumteka, alipata mimba ya nahodha akaona aibu kwa wazazi, akapanda chombo kwa hiari yake. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hadithi ya namna hiyo. Na tazameni: katika simulizi zote, iwe ng'ombe, iwe meli, anafika kulekule, Misri.

Kando ya Nile, Zeus anamgusa kwa mkono, anarudi kuwa mtu, anamzaa Epaphus, jina lenye maana ya mguso. Epaphus ni mjukuu wa Inachus. Akakua akawa mfalme, akamwoa Memphis, binti wa Nile. Kwa hesabu ya Kiswahili: Nile ni baba mkubwa wa Io, binti Nile ni dada yake Io, kwa hiyo Epaphus alimwoa mama yake mdogo. Wazee msinitazame hivyo, mimi nasimulia tu. Wakamzaa binti, wakamwita Libya.

Na hapa, mzee wangu wa wapi na wapi, nadhani nimefika kwako. Libya, katika Kigiriki cha kale, halikuwa jina la nchi moja kama leo. Lilikuwa jina la bara letu, kwa kadiri Wagiriki walivyolijua. Kitukuu wa Inachus ni Afrika! Libya akazaa na Poseidon (ndiyo, yuleyule wa kesi) pacha wawili, Agenor na Belus. Hao ni vilembwe. Agenor akahamia Foinike, akapata binti aliyeitwa Europa, yule aliyechukuliwa na Zeus mgongoni mwa fahali. Huyo ni kinying'inya. Sasa hesabuni kwa vidole: Libya ni mama yake Agenor, na Agenor ni baba yake Europa. Kwa nasaba waliyoiandika Wagiriki wenyewe, Afrika ni bibi yake Ulaya mzaa baba.

Sisemi hii ni historia. Herodotus aliona mambo hayo yanachekesha. Alishangaa kwa nini ardhi iliyo moja ipewe majina matatu, tena ya wanawake, na akakumbusha kwamba Europa hakuwahi hata kukanyaga nchi inayoitwa Ulaya. Lakini ukoo ndivyo ulivyo, watu huupanga kwa namna wanavyojielewa. Na angani nako wamewekwa pamoja: miezi miwili kati ya ile minne mikubwa aliyoiona Galileo mwaka 1610 ikizunguka sayari ya Jupita, yaani Zeus kwa jina la Kiroma, inaitwa Io na Europa. Chombo kilichopita kilomita 1,500 juu ya Io mwishoni mwa 2023 kinaitwa Juno. Juno ni Hera. Hajaacha kumchungulia.

Upande wa pili wa pacha ndio ulioirudisha damu nyumbani. Belus aliwazaa Aegyptus na Danaus. Aegyptus wana 50, Danaus mabinti 50. Wana wakawataka mabinti kwa nguvu. Danaus akawapakia wanawe melini, wakatweka kwenda Argos.

Aeschylus aliandika mchezo juu ya asubuhi ile. Mabinti wamesimama pwani na matawi yaliyofungwa sufi nyeupe, ishara ya waomba hifadhi. Wenyewe wanajieleza kuwa ngozi zao ni nyeusi, zimepigwa na jua. Mfalme Pelasgus anakuja na jeshi, anawatazama. Wanamwambia: sisi ni Waargos. Anasema haiwezekani, nyinyi mnafanana na wanawake wa Libya, mto Nile ndio unaoweza kukuza mimea ya namna yenu. Hawabishani naye juu ya rangi. Wanaanza kumhoji na kujibizana naye: si inasemwa Io alishika funguo za Hera hapa? Inasemwa. Si Zeus alimtamani? Hera akafanya nini? Akamgeuza Io ng'ombe. Akapewa mlinzi gani? Na kisha? Hatua kwa hatua, mama kwa mwana, mpaka wanajifikia wenyewe. Namna ileile ambayo mgeni akifika kijijini kwetu anaulizwa: wewe wa nani, babu yako nani, alioa wapi. Mfalme akakubali: naona mna fungu lenu hapa tangu zamani.

Lakini kukubali undugu ni jambo moja, kupigana vita kwa ajili ya ndugu ni jingine. Mfalme anasita. Mabinti wanamwonyesha mishipi waliyojifunga kiunoni: usipotupokea, tutajitundika kwayo hapa, kwenye sanamu za miungu yenu. Basi anasema hawezi kuamua peke yake, anakwenda kwa wananchi. Danaus anarudi na habari: hewa ilijaa mikono ya kulia iliyoinuliwa. Hakuna aliyepinga. Wakae nchini wakiwa huru, asiwashike mtu, na raia atakayewaona wanachukuliwa kwa nguvu asiwasaidie, atanyang'anywa haki zake na kufukuzwa. Kura hiyo ilisomwa jukwaani Athens katika karne ya 5 KK, na waliopigiwa walikuwa wanawake weusi waliotoka ng'ambo kwa mashua.

Mwisho wa mabinti hao haukuwa mzuri. Ndoa zililazimishwa, Danaus akawapa visu, na usiku wa harusi waume 49 walichinjwa. Mmoja tu, Hypermnestra, alimwacha hai wake. Katika uzao wa huyo yumo Perseus, na baadaye Heracles, aliyemfungua Prometheus kama ilivyotabiriwa. Wale 49, wasimulizi wa baadaye waliwaweka kuzimu wakichota maji kwa mtungi unaovuja milele. Mimi adhabu hiyo hunishangaza, maana walipofika Argos kazi ya kwanza waliyopewa na baba yao ilikuwa kutafuta maji, nchi imekauka kwa kesi ya babu yao. Mmoja wao, Amymone, alimrushia paa mkuki, ukampata satiro aliyelala, nusu mtu nusu mbuzi, naye akaamka na nia mbaya. Aliyemwokoa ni Poseidon. Akampenda, na kwa ajili yake akaonyesha chemchemi. Za Lerna. Alichomnyima mzee akampa mwanawe.

Nimalizie na picha. Pompeii, mji uliofukiwa na Vesuvius mwaka 79 BK, ulikuwa na hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri ambaye Wagiriki waliona anafanana na Io kwa pembe zake. Lilifukuliwa kuanzia 1764, na michoro ya ukutani sasa imo katika makumbusho ya Naples. Mchoro mmoja unaonyesha Io anawasili. Ameshakuwa mwanamke, ila vipembe viwili vidogo bado vimo kwenye paji la uso. Isis ameketi, nyoka amejizungusha mkononi mwake, anaushika mkono wa mgeni. Na Io hakuja kwa miguu. Amebebwa begani na mzee mwenye ndevu, ametoka majini nusu mwili, anamwinua ili afike. Vitabu vinaandika chini ya picha: Nile, mungu wa mto.

Mimi pembeni nimeandika: baba mkubwa.

Asanteni. Maswali, tuanze na mzee.